Siku saba kwenye njia aliyoangukia Idi Amin

Siku ya kwanza: Bukoba hadi Kaboya

Nilimkuta Baba Mdogo stendi ya Bukoba, kabla jua halijachomoza, amevaa koti lake la harusini na viatu vilivyopigwa rangi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha swali lake la kwanza likawa kama nimebeba daftari. Nimebeba. Safari hii ni yake kuliko yangu. Mwaka 1978, Idi Amin, mtawala wa Uganda, alipotuvamia, yeye alikuwa mgambo wa miaka 22. Mimi nilikuwa darasa la pili, na kazi niliyopewa siku tulipokimbia ilikuwa kubeba kuku wawili. Yeye alivuka Kyaka na kutembea kwa miguu hadi Kampala, akaendelea hadi Jinja. Miaka yote amekuwa akinisimulia vipandevipande, msibani au tunapomenya ndizi. Sasa nimestaafu kufundisha Kiswahili, nikamwomba tuipite njia yote kwa mpangilio: yeye akumbuke, mimi niandike.

Uganda iko kaskazini, lakini leo tulianza kwa kwenda kusini, mpaka Kaboya wilayani Muleba. Hakutaka kuvuka mpaka bila kupita hapo kwanza. Ndipo walipolazwa askari wetu wa vita vya Kagera, na ndiyo maana kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, jina la Kaboya hutajwa redioni. Siku za kawaida ni mahali pakimya sana, pana nyasi zilizofyekwa na makaburi yaliyopangwa kama watu walio kwenye gwaride.

Baba Mdogo alikuwa akitafuta jina moja. Alipita mstari hadi mstari, mikono nyuma, akisoma kwa sauti ya chini kama mwalimu anayeita mahudhurio. Akalipata. Akavua kofia, akasimama hapo kwa muda mrefu. Sikumuuliza ni nani. Tukirudi Bukoba alisema tu kwamba walikuwa wakila sahani moja.

Usiku huu, kwenye chumba cha kaka yangu, nimeandika neno "nduli" juu ya ukurasa. Kwa watu wa rika langu neno hilo halitembei peke yake. Halikutamkwa bila jina la Idi Amin kulifuata. Lilikuwa kwenye redio, kwenye mabango, kwenye nyimbo za mchakamchaka. Nilikuwa mtu mzima nilipofungua kamusi nikakuta kwamba nduli ni muuaji, na kwamba neno lilikuwepo kabla yake.

Siku ya pili: Kyaka na Bunazi

Kutoka Bukoba hadi Kyaka ni kama kilomita 50 na kitu za lami. Gari lilitushusha karibu na daraja. Mto Kagera hapa ni mpana, maji yake rangi ya chai ya maziwa, na unakwenda taratibu kuliko ninavyoukumbuka. Utotoni niliuona kama bahari.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 jeshi la Amin liliingia na kushika nchi yote iliyo kaskazini ya mto huu, kilomita za mraba zipatazo 1,800. Tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba mpaka wa Uganda sasa ni Mto Kagera. Siku mbili baadaye askari wake wakalipua daraja. Sisi tulikuwa tumevuka. Mama alikuwa na mdogo wangu mgongoni na godoro kichwani. Mimi na kuku wangu. Tulilala Bukoba vijijini kwa ndugu wa mama, watu 19 chumba kimoja, na huko ndiko tulikosikia sauti ya Mwalimu Nyerere redioni akisema kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Watu wazima walinyamaza kabisa. Baadaye, nikiwa mwalimu, nilifundishia ngeli kwa maneno hayo: kwa nini sababu na nia ni "tunayo" lakini uwezo ni "tunao". Wanafunzi wangu hawakujua kwamba kila nikiandika ubaoni mkono wangu ulikuwa ukitetemeka kidogo.

Watu walioko mbali na mkoa huu hudhani Amin aliamka tu akavamia. Jeshi lake lilikuwa limeanza kupasuka. Aprili 1978 makamu wake, Jenerali Mustafa Adrisi, aliumia vibaya katika ajali ya gari, na waliomuunga mkono hawakuamini kwamba ni ajali. Vikosi vikaanza kugombana vyenyewe kwa vyenyewe, na vurugu za makambi ya kusini mwa Uganda zikamwagikia kwetu. Mtawala ambaye askari wake wanageukiana hutafuta adui wa nje. Aliye jirani alikuwa Nyerere, ambaye Amin alimchukia tangu alipompokea Dar es Salaam Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin mwaka 1971.

Juu ya kilima cha Kyaka yapo magofu ya kanisa lililopigwa wakati huo, kuta zimebaki, paa hakuna. Baba Mdogo aligusa ukuta, akasema wao walipofika ng'ambo ile mwezi Novemba waliweka daraja la vyuma la muda, vipande vinaunganishwa usiku. Alivuka juu yake akiwa na bunduki aliyoijua kwa wiki tatu tu. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Nyumba zimebaki bila bati, bila milango. Ng'ombe walikuwa wameswagwa kwenda kaskazini. Kiwanda cha sukari cha Kagera kilikuwa kimeporwa na kuharibiwa.

Tulikwenda Bunazi, nilikozaliwa. Nyumba ya bibi ilijengwa upya tangu zamani na sasa anaishi binamu. Tulikula ndizi na samaki. Baba Mdogo alikaa mahali mama yake alipokuwa akikaa, akakumbuka miezi ile baada ya kurudi: vikombe vya chai ya rangi bila sukari, na bibi akisema kwamba vita anavielewa, njaa anaielewa, ila chai isiyo na sukari haielewi. Tulicheka wote, kisha tukanyamaza wote.

Siku ya tatu: Mutukula hadi Masaka

Mutukula kuna kituo kimoja cha forodha cha nchi zote mbili. Unagongewa muhuri dirisha hili, unapiga hatua chache unagongewa lile, unabadilisha shilingi kwa shilingi, basi. Baba Mdogo alimwambia afisa uhamiaji, binti wa umri wa wajukuu zake, kwamba mara ya mwisho kupita hapa hakuwa na pasipoti. Binti akamwangalia, akaelewa, akasimama kumpa mkono.

Januari 1979 jeshi letu lilichukua Mutukula. Hapo ndipo ilipoamuliwa kwamba haitoshi kumrudisha Amin mpakani, maana mizinga yake ingebaki kwenye vilima vile vinavyotazama kwetu. Na hapo pia ndipo hasira ilipoanza kutoka: karibu kila jengo la Mutukula ya Uganda lilibomolewa.

Nataka niandike wazi kuhusu Masaka, kwa kuwa katika masimulizi yetu tunapita haraka. Mji uliingia mikononi mwa JWTZ, jeshi letu, tarehe 24 Februari 1979. Baada ya kuuteka, sehemu kubwa ya mji ikaangushwa kwa mizinga na baruti, kulipiza Kagera. Miaka mingi baadaye Masaka bado ilikuwa na mitaa ya magofu. Leo mji umejengwa, una maduka, benki, boda boda kila kona, lakini ukimwuliza mzee yeyote atakuonyesha pale palikuwa na ghorofa fulani, pale palikuwa na nyumba fulani.

Na ni nani waliokaa Masaka? Watu ambao Amin alikwisha kuwaumiza kabla yetu. Septemba 1972, wapiganaji wa Obote walipovuka kutoka Tanzania wakashindwa, Amin aliwageukia raia. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, mwenyeji wa upande huu wa Masaka, alichukuliwa mchana kweupe kutoka Mahakama Kuu mjini Kampala, hakurudi tena. Huyo alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, na Amin mwenyewe ndiye aliyemtoa kifungoni mwaka 1971 na kumpa cheo hicho.

"Tulikuwa na hasira," Baba Mdogo alisema tulipokaa barazani kwa nyumba ya wageni. "Tulikuwa tumeona Bunazi."

"Lakini hawa hawakuwa Bunazi, Baba."

"Najua, mwanangu. Nilijua hata siku ile."

Mwenye nyumba ya wageni ni mama wa miaka 70 hivi. Nilimsalimia kwa Kiswahili changu cha darasani, akanijibu kwa Kiganda, akiangalia pembeni. Nikadhani hakusikia. Baba Mdogo akamsemesha Kihaya, naye uso ukamfunguka. Kihaya na Kiganda ni ndugu, wakaelewana neno kwa neno. Baadaye alinieleza bila ubaya wowote: kwake Kiswahili ni lugha aliyoisikia kwenye vizuizi vya barabarani. "Simama." "Toka." "Lala chini." Mume wake alichukuliwa kwa Kiswahili. Hakusema alichukuliwa na nani. Alisema: kwa Kiswahili.

Nimefundisha lugha hii miaka 33. Sikulala mapema.

Siku ya nne: Lukaya

Ni mwendo mfupi tu kutoka Masaka, lakini Baba Mdogo aliomba tulale hapa. Lukaya ni mji wa barabarani. Gari likipunguza mwendo tu, vijana kumi wanalikimbilia na mishikaki, kuku wa kubanikwa, ndizi za gonja za kuchoma, maji ya chupa. Harufu ni nzuri mno. Mbele ya mji kuna bwawa kubwa la mafunjo la Mto Katonga, na barabara inapita katikati yake juu ya tuta. Ukisimama pale unaelewa mara moja kwa nini watu walipigania mahali hapa: ukitoka Masaka kwenda Kampala kwa njia hii, lazima upite kwenye utepe huu mmoja, maji huku na huku.

Tarehe 10 Machi 1979 brigedi ya Baba Mdogo, ambayo wengi wao walikuwa mgambo, ilifika hapa. Hawakujua kwamba mbele yao kuna Walibya. Muammar Gaddafi, kiongozi wa Libya, alikuwa amemtumia Amin askari na silaha kwa ndege. Jioni ile roketi zikaanza kuanguka.

Kwa miaka mingi nimesikia habari za Saba Saba, mizinga yetu ya roketi ambayo Waganda waliipa jina hilo na ambayo mlio wake ulikimbiza vikosi vya Amin. Huko Bunazi tuliicheza kama mchezo wa watoto. Sikuwahi kusikia kwamba siku moja mlio wa namna hiyo ulitoka upande wa pili.

Tulisimama kando ya tuta, magari yakitupita kwa kasi. Alinionyesha kwa kidole mahali, ingawa mafunjo yote yanafanana.

"Tulikimbia," akasema. "Si mimi tu, brigedi nzima ilitawanyika. Nilijitupa mle. Maji yalinifika hapa." Akaweka mkono kiunoni. "Nilikaa usiku kucha. Nilikuwa nasikia watu wakiongea Kiarabu barabarani. Bunduki niliiinua juu ya kichwa isilowe, lakini sikupiga hata risasi moja. Andika hivyo, mwalimu. Usiandike kwamba baba yako mdogo alisimama imara Lukaya."

Nimeandika.

Alfajiri ya tarehe 11 brigedi nyingine, ya 208, iliyokuwa imezunguka kwa mbali, ilishambulia kutoka ubavuni, na waliotawanyika wakakusanywa kurudi barabarani. Baba Mdogo alitoka majini akarudi mstarini. Walibya zaidi ya 200 waliuawa. Anasema alipowaona mchana aliona vijana. Wengi walikuwa mgambo wa nchi yao, kama yeye, waliopakiwa ndegeni na kushushwa kwenye bwawa la nchi wasiyoijua. Mmoja alikuwa na viatu vipya kabisa.

Baada ya Lukaya, jeshi la Amin halikupigana tena vita vikubwa kama hivyo. Wanajeshi wake walipakia mali kwenye magari wakaelekea kaskazini na mashariki. Kiongozi aliyejiita Field Marshal, Rais wa Maisha, mwenye medali zilizomjaa kifua kizima, alikuwa ametoa wazo kwamba yeye na Nyerere wamalize mambo kwa ngumi ulingoni, Muhammad Ali awe mwamuzi. Watu wanaisimulia kama kichekesho. Nikiwa nimesimama pale penye mafunjo sikuweza kucheka.

Jioni tulinunua kuku na gonja. Baba Mdogo alikula vizuri, akaongeza.

Siku ya tano: Entebbe na kuingia Kampala

Tulipita mstari wa ikweta pale Kayabwe bila kushuka, Baba Mdogo amesinzia. Anasema mwaka ule alivuka ikweta bila kujua.

Entebbe tulikaa saa chache tu. Uwanja wa zamani uko ndani ya eneo la jeshi, haufikiwi hivihivi, kwa hiyo tuliangalia ziwa, tukala chakula, tukazungumza. Julai 1976 makomandoo wa Israeli walishuka hapo usiku na kuwatoa mateka wa ndege ya Air France iliyotekwa. Mateka mmoja mzee, Dora Bloch, aliyekuwa amepelekwa hospitali ya Kampala, hakuokolewa nao, na watu wa Amin wakamuua. Miaka mitano kabla ya hapo Amin alikuwa rafiki wa Israeli, akapewa mafunzo na silaha. Akawafukuza mwaka 1972, akaegemea Libya. Uingereza nayo iliyafurahia mapinduzi yake mwanzoni, kisha ikakosana naye. Tarehe 7 Aprili 1979 Entebbe ilianguka mikononi mwa JWTZ, na siku nne baadaye Kampala yote.

Tumeingia Kampala jioni, foleni ndefu. Baba Mdogo ameamka kabisa sasa, shingo nje ya dirisha. Walipoingia hapa watu walijaa barabarani, wakiimba, wakiwapa maji, wakiwaita wakombozi. Luteni Kanali David Oyite-Ojok, wa upande wa Waganda waliopigana pamoja nasi, ndiye aliyetangaza Redio Uganda kwamba Amin hayupo tena madarakani.

Nikamkumbusha kwamba mitaa hii hii ilishangilia pia tarehe 25 Januari 1971. Obote alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Askari mmoja akasoma redioni sababu 18 za kumpindua, na Kampala ikapanda juu ya magari kwa furaha. Baba Mdogo akafikiri.

"Mtu mwenye kiu," akasema, "humuuliza kwanza anayempa maji anaitwa nani?"

Siku ya sita: Mengo na Kampala ya Kale

Asubuhi tulikwenda Lubiri, kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, juu ya kilima cha Mengo. Kijana anayetembeza wageni alikuwa mpole na mwenye kujua. Tarehe 24 Mei 1966 Obote alilituma jeshi hapa, na aliyeliongoza ni Amin. Kabaka Mutesa II aliruka ukuta akatorokea Burundi na hatimaye London, ambako alifariki mwaka 1969. Amin alipopindua, jambo mojawapo la kwanza alilofanya ni kuurudisha mwili wa Kabaka uzikwe Kasubi. Buganda ilimpenda kwa hilo. Yule yule aliyelipiga kasri. Katika mambo yote niliyoyasoma juu yake hili ndilo linalonionyesha zaidi alivyokuwa hodari: alijua kila mtu anadai nini, na alijua kumlipa kwa fedha isiyokuwa yake.

Nyuma ya kasri kuna handaki la saruji lililojengwa kama ghala la silaha, likawa gereza. Vyumba viko juu ya njia ya maji, na maji hayo yalitiwa umeme ili asiweze mtu kutoroka. Ukutani kuna alama za mikono na maandishi ya makaa. Niliingia hatua chache. Baba Mdogo hakuingia. Alikaa nje juu ya jiwe, akasema wenzake waliingia makao ya polisi wa siri pale Nakasero mwaka ule, wakakuta maiti na watu wachache waliokuwa bado wanapumua, na kwamba mmoja wa wenzake hao mpaka leo hawezi kulala taa ikiwa imezimwa. Makadirio ya waliouawa katika miaka minane ya Amin huanzia 100,000 na kwenda juu hadi 500,000. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikasema ni ajali ya gari.

Mchana tulipanda mnara wa msikiti mkuu wa Kampala ya Kale. Ujenzi ulianzishwa enzi za Amin, ukasimama alipoanguka, ukamaliziwa miaka mingi baadaye kwa msaada wa Libya. Nilihesabu ngazi nikapoteza hesabu. Juu unaona vilima vyote vya mji. Baba Mdogo alipumzika mara nne lakini alifika. Akaangalia upande wa magharibi, Lukaya iliko nyuma ya ukungu.

Aliyetutembeza msikitini, mzee wa Kinubi, alizungumza nasi Kiswahili laini bila kusita. Alijifunza nyumbani kwa baba yake, aliyekuwa askari. Nilimweleza ya yule mama wa Masaka. Akatikisa kichwa. Amin aliamuru Kiswahili kiwe lugha ya taifa mwaka 1973, akasema, na vikosi vyake vilikuwa na majina ya Kiswahili, Simba kule Mbarara, Chui kule Gulu. Biashara za Wahindi alipozigawa kwa watu wake, matajiri hao wapya wakaitwa mafuta mingi. Bidhaa zilipokwisha madukani, maisha yakawa magendo. "Maneno yote hayo ni ya kwenu," akaniambia. "Yalifika huku yamevaa magwanda."

Siku ya saba: Jinja

Barabara ya Jinja hupita msitu wa Mabira na mashamba ya miwa ya Lugazi. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Makumi ya maelfu waliondoka na sanduku moja moja. Viwanda vya sukari vya Lugazi na Kakira, vya familia za Mehta na Madhvani, vikadorora mpaka nchi iliyokuwa na sukari ya kutosha ikawa inaitafuta kwa foleni. Familia hizo zilirudi miaka ya 1980. Leo miwa ni kijani mpaka upeo wa macho.

Tulivuka Mto Nile kwenye saa nne. Jeshi letu lilifika hapa tarehe 22 Aprili 1979. Kwa Baba Mdogo ndiyo ilikuwa mwisho. Wengine waliendelea hadi mpaka wa Sudan, walikofika mapema Juni. Amin alikwisha kutorokea Libya, baadaye Saudi Arabia. Alifia Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, akazikwa huko.

Mimi nilitaka Jinja kwa sababu nyingine. Hapa ndipo Amin alipoanzia. Aliandikishwa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mwaka 1946, akianza na kazi za jikoni. Alikuwa mrefu, mwenye nguvu, bingwa wa ngumi wa Uganda tangu 1951. Hakujua kusoma sana, na maafisa wake Waingereza hawakujali. Walimpeleka Kenya kupigana na Mau Mau, wakamsifu. Mwaka 1959 wakampa cheo cha effendi, cha juu kabisa kwa Mwafrika wakati huo. Ni neno hilo hilo ambalo sisi tunalitamka afande. Mwaka 1962 kikosi chake kilituhumiwa kuua wafugaji wa Turkana. Uhuru ulikuwa umekaribia, Waingereza wakamwachia Obote aamue, na Obote akaona karipio linatosha.

Kisha ikaja Januari 1964. Tarehe 20 askari wa Tanganyika Rifles waliasi Dar es Salaam kudai mishahara na maafisa Waafrika. Siku tatu baadaye, hapa Jinja, Uganda Rifles wakaasi kwa madai yale yale. Majeshi mawili yaliyozaliwa na mama mmoja, KAR, yanayoongea Kiswahili kimoja cha kambini, yakafanya kosa moja wiki moja. Nyerere, baada ya aibu ya kuwaita Waingereza wamwokoe, alilivunja jeshi lote na kuanza upya; JWTZ ikazaliwa Septemba 1964, ikichukua vijana wa kawaida waliofundishwa kwamba wao ni wananchi kwanza. Obote naye aliwaita Waingereza, lakini akaongeza mishahara, na Amin akapandishwa, akapewa batalioni ya Jinja. Miaka miwili baadaye alikuwa Mengo. Miaka saba baadaye alikuwa Ikulu. Miaka 14 baadaye yale majeshi mawili yalikutana kwenye kingo za Mto Kagera, na mimi nikavuka na kuku.

Nilimsomea Baba Mdogo ukurasa huu karibu na kambi, tukiwa tumekaa kwenye benchi la mama anayeuza chai. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi mgambo," akasema, "mkufunzi wetu alitukataza kumwita raia wa Uganda adui. Kila asubuhi alirudia. Masaka tulisahau." Akanywa chai. "Hapa Jinja tulikumbuka. Mama mmoja alitupikia muhogo, tukamwambia asante mama, shikamoo mama. Akashtuka. Alisema hajawahi kusikia askari akisema shikamoo."

Mwenye benchi, ambaye nilidhani hatusikilizi, aliuliza kwa Kiswahili cha Jinja kama mzee ni mkombozi. Baba Mdogo akasema alikuwa mmoja wao. Mama akamwongezea chai, akakataa hela.

Kabla ya kupanda gari la kurudi Kampala aliniomba tupite sokoni. Akanunua kilo mbili za sukari ya Kakira. Nikamwambia, Baba, tunaishi jirani na kiwanda, Bunazi sukari ipo kila duka. Akaifunga vizuri ndani ya koti lake la harusini, akaiweka magotini.

"Mwaka ule nilirudi mikono mitupu," akasema.